Ule Uji wa Riyadh

Dada yangu alirudi kutoka Saudia na mabegi mawili, kikohozi, na uji. Mabegi tuliyafungua siku hiyo hiyo. Kikohozi kiliisha baada ya wiki mbili. Uji ndio umekataa kuisha.

Anaupika mvua ikinyesha, ama siku ambazo ameamka na ile hali yake ya kutotaka kuongeleshwa. Mchele kikombe kimoja, maji vikombe kama tisa, kuku aliyekatwa na mifupa yake, chumvi, na tangawizi ya kutosha kuwasha koo. Anaacha sufuria ichemke polepole mpaka punje zifunguke na kupoteana. Juu anamwagia kitunguu saumu kilichokaangwa hadi kikawa rangi ya kahawia, majani ya kitunguu, kisha anakamua ndimu. Siku ya kwanza Mama alipochungulia ile sufuria aliuliza, kwa heshima zote, kama huu ni uji ama ni wali ulioharibika. Kwetu uji ni wa wimbi, na unanywewa kikombeni. Uji wenye mfupa wa kuku ndani ni jambo la kupeleka kanisani likaombewe.

Jina lake ni lugaw. Ukiweka kuku na tangawizi nyingi, Wafilipino wanauita arroz caldo, jina walilobaki nalo kwa Wahispania waliowatawala kutoka 1565 hadi 1898, ingawa chakula chenyewe kilitoka kwa Wachina na tangawizi ni mazoea ya wenyeji. Dada alifundishwa na mwanamke aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, juu ya paa la nyumba ya mwajiri wao. Alimwita Ate, na si jina lake, maana yake tu ni dada mkubwa, kama vile sisi tunavyomwita dada hata yule muuza mboga ambaye hatujui anaitwaje. Mwezi wa tatu Dada alishikwa na homa. Aliambiwa amalize kupiga pasi kwanza. Usiku, watu wa nyumba walipolala, Ate alishuka jikoni bila ruhusa, akapika, akapanda nao ngazi umefunikwa kwa kitambaa.

Hiyo ndiyo hadithi nzima, na ingekuwa tamu nikiiachia hapo. Lakini mwaka jana, tukiwa tunaosha vyombo, Dada alisema kitu ambacho sijaweza kukitoa kichwani. Alisema, "Kama si ule uji ningetoroka mwezi wa tatu."

Nilidhani anasifu. Kumbe hakuwa anasifu. Alikaa katika ile nyumba miaka miwili, mshahara ukija na kutokuja, pasipoti ikiwa kwenye droo ya mwajiri. Na anachojiuliza hadi leo ni kama yule mtu aliyemwokoa ndiye pia aliyemfanya avumilie kitu ambacho hakikufaa kuvumiliwa.

Wazungu wana jina la chakula cha aina hii. Tafsiri ya karibu ni chakula cha kuliwaza. Sisi hatuna jina lake, nadhani kwa sababu hatukuona haja ya kukitenga na chakula kingine, lakini vitenzi tunavyo hadi vya kuazimisha: kuliwaza, kufariji, kutuliza, kubembeleza, kunyamazisha. Ukivipanga hivyo unaona jinsi mtu anavyoweza kuteleza kutoka cha kwanza hadi cha mwisho bila kugundua amefika. Mtoto anayelia unambembeleza mpaka anyamaze. Lakini alikuwa analilia nini?

Maelezo ya kawaida ni kwamba chakula cha kuliwaza ni cha utotoni. Ulilishwa na nyanya ukiwa mgonjwa, kwa hivyo ukiwa mkubwa na dunia imekukalia vibaya, kijiko kimoja kinakurudisha kwake. Ni maelezo mazuri, na kwa Dada hayafanyi kazi hata kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kumlisha lugaw akiwa mtoto kule kwetu. Alikuwa na miaka ishirini na sita alipouonja mara ya kwanza, na anasema ladha ilikuwa ngeni kabisa. Machozi yalimtoka hata hivyo.

Basi nikaanza kuufuatilia ule uji. Na ukiufuata, unagundua kwamba Asia ya Kusini-Mashariki yote, watu ambao hawakubaliani juu ya dini, lugha wala mipaka, wanakubaliana kwamba mtu akilemewa anapikiwa mchele kwa maji mengi. Vietnam ni cháo. Indonesia na Malaysia ni bubur. Kambodia wanauita borbor, Thailand jok. Wathai wana na mwingine tena, khao tom, ambao punje zake zinabaki nzima ndani ya supu, na usijaribu kumwambia Mthai kwamba hiyo miwili ni kitu kimoja. Jok ni wa mchele uliovunjikavunjika, mzito, unashikana na kijiko, na yai linapasuliwa ndani ukiwa bado unatokota. Khao tom unaliwa hata saa saba za usiku na watu waliotoka kunywa.

Indonesia, bubur ayam unauzwa asubuhi kwenye mikokoteni: uji mweupe chini, juu yake kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi, soya za kukaanga, vipande vya andazi la chumvi, mchuzi mtamu wa soya, pilipili, na kaukau za kamba zinazolia kama makuti makavu. Nchi ile imegawanyika kati ya wanaokoroga kabla ya kula na wasiokoroga. Sio mzaha mdogo. Kuna watu wanaulizana swali hilo kabla ya kuanza kutongozana. Mimi nimeshaamua niko upande wa wasiokoroga, na sijawahi hata kufika Jakarta.

Malaysia wana bubur lambuk, wa Ramadhani. Pale Kampung Baru, katikati ya Kuala Lumpur, msikiti unapika masufuria makubwa kila siku ya mfungo na baada ya Alasiri watu wanapanga foleni kugawiwa bure. Ndani kuna tui la nazi, nyama, mdalasini, karafuu, iliki. Mtu wa Mombasa akisoma orodha hiyo atasema hiyo ni pilau iliyozidishiwa maji. Si ajabu. Bahari ni moja: wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta punje za mpunga na pojo kutoka Asia kwenye udongo wa Madagaska na Komoro, za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na huku Pwani kijana anayejidai anaambiwa ubwabwa haujamtoka shingoni. Ubwabwa, wali laini wa kulishwa mtoto. Sidai kwamba ubwabwa na bubur ni ndugu, sina ushahidi. Nasema tu mdomo unafanya kazi ile ile ukivitamka.

Sasa, mtu anaweza kusema siri iko kwenye chakula chenyewe. Wali ulioiva hadi kufunguka hauhitaji kutafunwa. Una joto, una chumvi, unarudisha maji mwilini, tumbo halibishani nao. Homa ikikupiga, ni hayo tu unayoweza kuyabeba. Ningekubali hapo na kumaliza makala hii mapema, kama si Kambodia.

Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge waliingia Phnom Penh na kuutoa mji mzima barabarani, wagonjwa wa hospitali wakiwemo. Watu wakapelekwa mashambani kulima mpunga, na lengo lililowekwa lilikuwa tani tatu kwa kila hekta, namba ambayo mashamba mengi hayakuwa na uwezo wa kuifikia. Kufikia 1977 ilikuwa marufuku kwa familia kujipikia. Masufuria yalikusanywa. Ukikamatwa unachemsha mizizi au umeficha kiganja cha mchele, ungeweza kuuawa. Kila mtu alikula katika jumba la pamoja, na alichokula ni borbor. Uji. Waliookoka wanasimulia bakuli la maji yenye punje za kuhesabika chini, huku mpunga waliouvuna kwa mikono yao ukipakiwa kwenda kwingine. Utawala ule ulipoanguka tarehe 7 Januari 1979, watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikuwa wamekufa, wengi kwa njaa na magonjwa ya njaa, katika nchi ya wakulima wa mpunga.

Ukiangalia viungo tu, uko karibu sana na uji wa mama wa Kikambodia kwa mtoto mwenye homa. Mchele, maji, chumvi ikipatikana. Unaweza kusema tofauti ni kipimo cha maji, na kwa mtu anayekufa njaa kipimo cha maji ni kila kitu, sitaki kulifanya jambo hilo kuwa mafumbo. Lakini kuna tofauti nyingine iliyotangulia hiyo. Wale watu walinyang'anywa sufuria. Hapakuwa na mama wa kukuona umelala vibaya akaamua kuwasha moto. Utawala ulielewa kwamba kupika ni namna ya mtu kumchagua mwenzake, kwamba leo huyu anahitaji zaidi, na ukaiondoa hiyo nafasi. Kila mtu bakuli lake, kijiko chake, hakuna wa kumwongezea mwingine.

Leo Phnom Penh borbor unauzwa alfajiri kando ya barabara, pamoja na samaki wakavu na yai la chumvi. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Naona tu kwamba walichukua tena sufuria.

Kuna kisa kingine, chepesi kidogo, ingawa kwa waliokuwepo hakikuwa chepesi. Mwisho wa Machi 2021 Manila na mikoa ya jirani ilifungwa tena kwa sababu ya korona. Mkoani Bulacan, usiku, mwendesha pikipiki alisimamishwa akiwa amebeba oda ya mteja, lugaw. Afisa wa mtaa akamwambia lugaw si kitu cha lazima, kwamba watu wanaweza kuishi bila huo. Mazungumzo yakarekodiwa, video ikasambaa nchi nzima, watu wakacheka na wakakasirika kwa wakati mmoja. Msemaji wa rais ilibidi ajitokeze kutangaza kwamba lugaw ni wa lazima.

Fikiria serikali nzima imekaa kuamua kama uji ni wa lazima. Lakini yule afisa hakuwa mjinga. Kiufundi alikuwa sahihi: hakuna aliyekufa kwa kukosa lugaw usiku mmoja. Kama kipimo ni kile ambacho ukikikosa unakufa, basi vitu vingi vinavyotufanya watu vinaondoka kwenye orodha. Ate angeweza kumpa Dada vidonge viwili vya maumivu na kugeukia ukutani akalala. Vingetosha kushusha homa. Kile alichokiongeza hakina jina kwenye orodha ya afisa, na bado raia wa nchi nzima walijua mara moja kwamba afisa amekosea, hata kabla ya kuweza kueleza kwa nini.

Na Wafilipino wanajua pia kwamba uji unaweza kugeuzwa matusi. Leni Robredo alipogombea umakamu wa rais mwaka wa 2016, wafuasi wake waliuza lugaw kuchangisha pesa. Wapinzani wakambandika jina, Leni Lugaw, kama kusema mtu mlaini, mwepesi, asiye na uzito. Alipogombea urais 2022, watu wake walilichukua lile tusi wakalifanya chungu. Wakapika lugaw wakagawa. Kura alishindwa, lakini walioshiba walishiba.

Hapa ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu sisi Wakenya tunazijua siasa za kugawa chakula vizuri kuliko tunavyotaka kukiri. Pakiti mbili za unga, picha, asante. Wako watu wanaogawa ili ukishiba usiulize. Huko Asia ya Kusini-Mashariki pia. Thailand, enzi za Phibun, karibu na Vita vya Pili vya Dunia, serikali yenyewe ilisukuma pad thai iwe chakula cha taifa, sehemu ya mradi wa kuwafanya watu wajione Wathai. Ilifanikiwa, ndio maana leo unaipata hadi Nairobi. Lakini tambi za kukaanga zilizoanza kama sera ya serikali sasa ni utoto wa mtu fulani, na machozi yake ni ya kweli. Huwezi kumwambia alie kidogo kwa sababu chanzo ni waziri mkuu wa kijeshi.

Au chukua Indomie. Ilizaliwa Indonesia mwaka wa 1972, na leo iko kwenye duka la mtaa wako na wangu. Wanafunzi wa Indonesia wanaila usiku kwenye vibanda viitwavyo burjo, jina linalotokana na uji mtamu wa pojo ambao vibanda hivyo viliuza kwanza. Polepole tambi za pakiti zilichukua nafasi ya uji, jina likabaki. Mafuriko yakija, tetemeko likija, katoni za tambi ni kati ya vitu vya kwanza kuletwa. Mtu aliyepoteza nyumba anapewa dakika tatu za maji moto. Je, hiyo ni faraja? Nimeila Indomie nikiwa nimefukuzwa kazi, saa tano usiku, nimesimama jikoni, na kusema ukweli ilinisaidia. Pia ilinisaidia nisimpigie mtu yeyote simu.

Labda hapo pana tofauti. Au labda najifanya mwerevu.

Wacha nikuletee mtu mwingine, ambaye hakuwahi kuishi. Mwaka wa 1941 mwandishi wa Vietnam, Nam Cao, alichapisha hadithi fupi iitwayo Chí Phèo. Watoto wa Vietnam wanaisoma shuleni kama vile sisi tulivyosoma riwaya zetu za mtihani, na wengi wataikumbuka kwa sababu ya bakuli la uji.

Chí Phèo aliokotwa mtoto mchanga kwenye tanuri la matofali lililoachwa. Alikua akilelewa mkono huu na mkono ule, kijana mpole wa kazi za shamba, mpaka tajiri wa kijiji akamfanya atiwe jela. Alirudi si yule tena. Mlevi, uso wa makovu, anayejichanja mwenyewe kwa chupa ili watu wampe pesa aondoke. Yule yule tajiri akaanza kumtumia kuwatisha maadui zake. Kijiji kikaacha kumhesabu kuwa mtu. Alikuwa akitukana barabara nzima na hakuna hata aliyejisumbua kumjibu.

Kisha usiku mmoja akakutana na Thị Nở, mwanamke ambaye kijiji kilimcheka kwa ubaya wa sura na uzito wa akili. Wakalala pamoja. Chí Phèo akaugua. Asubuhi yule mwanamke akarudi na bakuli la cháo hành, uji wa kitunguu, dawa ya mafua ya watu maskini. Na huyu jitu la kutisha akatokwa na machozi, kwa sababu maishani mwake hakuna mwanamke aliyewahi kumpa kitu. Kila alichopata alikuwa ametisha au amenyang'anya.

Angalia kinachofuata, kwa maana hapo ndipo Nam Cao ananisaidia kubishana na Dada. Ule uji haukumtuliza. Ulimwamsha. Kwa mara ya kwanza akataka kuwa mtu mwema, akaona kwamba angeweza kuwa na nyumba, mke, wali wa jioni. Siku tano tu. Kisha shangazi ya Thị Nở akakataza, na Thị Nở, hata bila huruma, akaja kumtupia yale maneno. Chí Phèo akajaribu kulewa kama zamani. Pombe ikakataa kumlevya. Kila mara harufu ya kitunguu cha ule uji ilimrudia. Akachukua kisu, akaenda kwa tajiri aliyemharibia maisha, akadai arudishiwe uungwana wake, akamuua, akajiua.

Unaweza kusoma hivyo: laiti asingepewa uji, angeendelea kuishi. Mlevi, kibaraka, lakini hai. Ni hoja. Lakini angalia lile kosa liko wapi. Halikuwa kwenye bakuli. Liko kwa wale wote ambao baada ya bakuli moja hawakuwa na la pili. Kijiji kizima kilikuwa na wali, na mtu mmoja tu, tena aliyedharauliwa, ndiye aliyepika. Alipozuiwa, hapakuwa na mwingine.

Nilimsimulia Dada hadithi hii. Nilitarajia afurahi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba faraja ya kweli inakuamsha ujue unachostahili, na ile ya uongo inakulaza, kwa hivyo ule uji wa Ate ulikuwa wa kweli na aache kujisumbua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Lakini mimi nililala."

Si usingizi wa uvivu, alieleza. Kabla ya homa alikuwa amepanga. Alijua siku ya takataka geti linabaki wazi. Alikuwa ameficha riyal mia tatu kwenye soksi. Hakuwa na pasipoti, lakini alikuwa amesikia kwamba ukifika ubalozini watakusikiliza. Baada ya ule uji akawa na mtu. Kila Alhamisi usiku walikula pamoja juu ya paa, Ate akimfundisha maneno ya Kitagalogi, yeye akimfundisha kusonga ugali kwa unga wowote walioupata. Alianza kuona ile nyumba kama mahali anaweza kupamaliza. Na kutoroka kukawa na bei mpya: angemwacha Ate peke yake.

"Mwajiri hakunipa hata panadoli," alisema, "na ndiye aliyefaidika na ule uji."

Hapo sikuwa na jibu, na bado sina zuri. Ni kweli. Mfumo ule wa kafala, ambao kibali chako cha kuishi kinashikiliwa na mtu anayekudai kazi, unasimama kwa sheria na makaratasi, lakini unasimama pia juu ya wanawake wanaopikiana uji usiku. Kama wasingeliwazana, wangevunjika mapema zaidi, au wangetoroka, au wangepiga kelele. Upole wao unajaza mashimo ambayo mwajiri alipaswa kuyajaza, na anayahesabu kama faida. Vietnam, miaka ya vita na ya mgao, maduka ya serikali Hanoi yaliuza phở isiyo na nyama, na watu wakaibatiza jina la ndege za Wamarekani zisizo na rubani: phở isiyo na dereva. Mzaha mtamu. Waliucheka, wakainywa ile supu tupu, wakaendelea na foleni. Mzaha nao ni uji.

Lakini sikubali kwamba suluhisho lingekuwa Ate asipike. Nimejaribu kuifuata hiyo hoja hadi mwisho wake na inanipeleka kwenye lile jumba la Kambodia, mahali ambapo hakuna anayempikia mwenzake na kila mtu anaiona hali yake waziwazi kabisa, na anakufa. Anayesema tumnyime mgonjwa uji ili akasirike vizuri, aanze na mama yake mwenyewe. Maumivu hayamfanyi mtu kuwa mwanamapinduzi. Mara nyingi yanamfanya tu mgonjwa.

Ninachoweza kusema ni kwamba tumekuwa tukimuuliza swali mtu asiyefaa. Dada anajiuliza kama alifanya vibaya kufarijika. Ate, nadhani, hajawahi kujiuliza kama alifanya vibaya kufariji. Na yule aliyekuwa amelala chini, ghorofa mbili, jokofu lake likiwa limejaa, hajiulizi chochote. Deni la ule uji ni lake. Mchele ulikuwa wake, kuku alikuwa wake, na pamoja na hayo deni ni lake.

Dada aliponiambia kwamba alilala, kuna kitu alikiruka, na nilikigundua baadaye. Aliyetafuta namba ya ubalozi ni Ate. Ni yeye aliyemwambia, mwisho wa mwaka wa pili, kwamba mkataba ukiisha asikubali kuongezewa hata mwezi mmoja, hata wakilia, hata wakiahidi. Ni yeye aliyesimama naye mbele ya mwajiri kudai pasipoti, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na watoto watatu wa kusomesha na hangeweza kupoteza kazi. Uji ulikuja mwezi wa tatu. Hayo mengine yalikuja kwa mkono ule ule. Ulichukua muda, basi. Thị Nở alipewa siku tano tu.

Ate bado yuko Riyadh. Nyumba nyingine sasa, afadhali kidogo, anasema. Wanaongea kwa video Ijumaa, yeye akiwa amelala kitandani na simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Mwezi uliopita niliingia jikoni wakiwa wanabishana kuhusu tangawizi. Dada anaikwaruza, Ate anasema ikatwe vipande virefu ili mgonjwa aweze kuitoa akitaka. Mama alikuwa amekaa pale kwenye kiti, na bakuli lake, akila bila kusema neno, ingawa alikuwa amejiwekea sukari.

Dada akamuuliza kitu ambacho, katika miaka yote hiyo, hakuwahi kumuuliza. Kwamba yeye Ate alipokuwa mgonjwa kule, kabla Dada hajafika, nani alimpikia?

Ate alicheka. Akasema alikuwa anaamka, anapika mwenyewe, anarudi kulala, kisha anaamka tena kuula. Halafu akauliza tangawizi Kenya inauzwa pesa ngapi kilo moja, na Dada akaanza kumhesabia.